Kazi ya mtandaoni inayokulipa kwanza ndipo ikudai: mnaitambuaje kabla mambo hayajaharibika?

#1 Mkaazi_wa_Mikindani
Salamu kwenu nyote. Binti wa shangazi yangu, ambaye amehitimu chuo na kukaa nyumbani muda mrefu bila ajira, aliandikiwa kwenye WhatsApp na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa kuajiri wa kampuni ya matangazo. Akaelezwa kwamba kazi yake itakuwa kuzipa hoteli nyota kwa simu, akiwa nyumbani kwao. Jioni ile ile alilipwa shilingi 230 kwa M-Pesa. Kesho yake akahamishiwa kikundi cha Telegram, akalipwa tena, na sasa anatakiwa aweke shilingi 3,000 ili apandishwe daraja na apewe kazi zenye malipo makubwa zaidi.

Nilipomwambia kwamba huo ni utapeli, alinijibu kwa hoja ambazo sikuweza kuzivunja papo hapo. Kampuni ina cheti cha usajili, na amekiona. Tovuti yake ni nadhifu, lugha yake haina makosa, hakuna aliyemwomba nambari ya siri, na juu ya yote wamemlipa mara mbili. Dai langu basi ni hili: dalili tunazofundishana kila siku, kama vile lugha mbovu, kukosa ofisi na ahadi zisizotimizwa, zimepitwa na wakati, kwa kuwa matapeli nao wamezisoma. Je, ipo dalili ambayo bado inafanya kazi?

#2 Nahodha_Mstaafu
Dalili ni moja na haijabadilika tangu nilipokuwa kijana bandarini: mwajiri humlipa mfanyakazi, wala mfanyakazi hamlipi mwajiri. Akishaombwa pesa, aondoke. Uzi ufungwe.

#3 Binti_Makadara
Nahodha, shikamoo, lakini uzi haufungiki upesi hivyo. Zile 3,000 hazikuitwa ada. Nina hakika ziliitwa mtaji wa kazi, na aliambiwa kwamba zitarudi siku hiyo hiyo pamoja na kamisheni. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba kweli hurudi, kwa mara ya kwanza.

Nilishuhudia kisa cha jirani yangu mwanzo hadi mwisho, maana alikuwa akinionyesha simu yake kila jioni. Alipewa fungu la maagizo 40, na sharti lilikuwa kwamba hawezi kutoa pesa mpaka akamilishe fungu zima. Maagizo ya mwanzo yalikuwa madogo na kila moja lilimwongezea shilingi kadhaa. Karibu na mwisho likamjia agizo waliloliita la bahati, ambalo thamani yake ilizidi salio lake, na ghafla salio likageuka rangi nyekundu na kusomeka kasoro 7,850. Akaambiwa hongera, agizo hilo lina kamisheni mara sita, anachotakiwa kufanya ni kujaza pengo ili fungu liendelee. Akajaza. Agizo la pili lililofuata likawa kubwa zaidi, na pengo nalo likakua. Wakati wote huo sehemu ya juu ya skrini ilionyesha kwamba ana zaidi ya shilingi 46,000 zinazomsubiri. Ndani ya kikundi kulikuwa na watu wengi waliotuma picha za malipo yao na kumtia moyo, na mmoja alijitolea kumkopesha nusu ya pengo. Mpaka leo siamini kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kweli mle ndani isipokuwa yeye.

Mwishowe, alipokamilisha fungu kwa pesa za kukopa, alidaiwa kodi ya asilimia 20 kabla ya kutoa.

#4 Kibarua_wa_Shimanzi
Hapo kwenye kodi ndipo penye mtihani ambao Mkaazi anaweza kuutumia leo hii. Kodi ya mapato ama hukatwa kwenye malipo yenyewe, ama mtu huitangaza mwenyewe kwa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Haitumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi kama sharti la kupewa mshahara. Basi mtu akidaiwa kodi, ada ya uhakiki au ada ya kufungua akaunti, ajibu kwa adabu: «Nina salio la 46,000 kwenu, tafadhali kateni humo.» Mwenye pesa zako kweli hana sababu ya kukataa, lakini mwenye tarakimu tu kwenye skrini hana cha kukata.

#5 Nahodha_Mstaafu
Binti, marahaba. Nimesoma kisa chako mara mbili. Bado nasema kanuni yangu ingemwokoa jirani yako, kwa sababu mtaji nao ni pesa inayotoka mfukoni mwake kwenda kwa mwajiri, hata ukiupa jina la arusi.

#6 Mwandishi_wa_Bamburi
Nawaunga mkono kwa tahadhari, lakini kanuni ya Nahodha ina matundu. Mimi huishi kwa kazi za mtandaoni za kuandika na kunakili sauti. Upwork, ambayo ni jukwaa halali, huuza vitengo vinavyoitwa Connects, na bila hivyo mtu hawezi kuomba kazi nyingi zilizotangazwa pale. Kwa hiyo kuna pesa halali inayotoka kwa mfanyakazi. Tofauti ni kwamba pale huelezwi kwamba pesa hiyo itarudi ikiwa imezaa, na huwezi kudaiwa zaidi ili upewe malipo uliyokwisha kuyafanyia kazi.

Mimi huangalia kazi yenyewe kabla ya kuangalia pesa. Je, kuna mtu duniani anayehitaji kazi hii kiasi cha kuilipia? Ninaponakili mahojiano ya saa moja, najua ni nani atayasoma. Ni mwenye hoteli gani atakayelipa shilingi 100 kwa nyota ya mtu ambaye hajawahi kulala pale, hali tovuti za usafiri huwafungia wanaokamatwa wakinunua nyota? Kazi ya kweli ya mtandaoni inachosha, ina majaribio yasiyolipwa, hukataliwa ovyo, na wakati mwingine hukatika bila maelezo. Mwezi wa Machi 2024 jukwaa la Remotasks liliwafungia Wakenya milango na maelfu wakabaki bila kipato. Huo haukuwa utapeli. Ndivyo soko hili lilivyo. Kazi ikiwa rahisi kuliko kuosha vyombo na inalipa kuliko kuosha vyombo, hapo pana swali.

Kwa binti anayetafuta, mafunzo ya bure yapo kupitia mpango wa serikali wa Ajira Digital, na vijana wengi wa hapa wamepitia Swahilipot Hub pale karibu na Mji wa Kale. Hawamdai mtu mtaji.

#7 Mkaazi_wa_Mikindani
Ahsanteni. Nitamfikishia swali la kodi. Lakini hakuna aliyegusa suala la cheti, na hicho ndicho anachonitolea kila mara. Ni cheti cha Kenya, kina nambari na nembo.

#8 Karani_wa_Mbaraki
Kazi yangu ni makaratasi, basi niruhusuni nirefushe. Cheti cha usajili hutolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara, na maombi hufanywa kwa eCitizen bila mtu kutoka nyumbani kwake. Kinathibitisha kwamba kampuni ya jina fulani imeandikishwa, basi. Hakithibitishi kwamba ina biashara, wala kwamba imeruhusiwa kupokea pesa za umma ili iziwekeze. Ruhusa hiyo ni leseni, nayo hutoka kwingine. Anayekusanya fedha za uwekezaji, pamoja na dalali wa biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA. Benki na wakopeshaji wa kidijitali wako chini ya Benki Kuu ya Kenya. Sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, zinazopokea akiba ziko chini ya mdhibiti wao, SASRA. Ukitaka kujua wakurugenzi wa kampuni, omba taarifa ya CR12, na mara nyingi utakuta majina yasiyofanana kabisa na yule meneja anayejipiga picha kwenye jengo refu.

Kuna mtego wa pili ambao hata makarani huanguka. Matapeli wengine huchukua jina na nambari ya leseni ya kampuni ya kweli, kisha wakaweka simu yao na tovuti yao. Ukiangalia orodha ya CMA utalikuta jina, nawe utaridhika. Kwa hiyo usiishie kulitafuta jina. Chukua mawasiliano yaliyoandikwa kwenye tovuti ya mdhibiti mwenyewe, upige huko, uulize kama mtu anayekuandikia ni wao.

#9 Tajiri_wa_Kesho
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni tamaa, nukta. Tulionywa mwaka wa 2006 na 2007 wakati wa piramidi, ile mipango ya kuwalipa wa mwanzo kwa pesa za wanaofuata, tukaonywa na ile programu iliyojiita kwa jina la Amazon mwaka wa 2020, na bado watu wanakimbilia. Hata MMM ya Wanaijeria, mpango wa aina hiyo hiyo, ilikuja ikaondoka na pesa za watu. Mtu asiye na tamaa hatapeliwi.

#10 Karani_wa_Mbaraki
Bwana Tajiri, jina lako linakusaliti kidogo katika mada hii. Pia naomba nisahihishe mambo mawili. Programu ile, Amazon Web Worker, iliporomoka mwaka wa 2021, na haikuwa na uhusiano wowote na kampuni ya Amazon ya Marekani. MMM nayo haikuanzishwa na Wanaijeria. Ilianzishwa Urusi na Sergei Mavrodi, ikaporomoka kule miaka ya 1990, kisha ikafufuliwa na kufika Nigeria, ambako ilifunga akaunti za watu Desemba 2016.

Kuhusu piramidi za 2006 na 2007 umesema kweli. Serikali iliunda jopokazi chini ya Francis Nyenze, na hesabu yake ilipita shilingi bilioni 8 zilizopotea.

#11 Mama_wa_Kongowea
Mimi si mwandishi sana, lakini suala hili la tamaa limeniuma. Kina mama wenzangu sokoni waliotapeliwa hawakuwa na tamaa. Walimwamini mtu. Aliyeleta habari alikuwa mweka hazina wa mchezo wetu, mwanamke ambaye alishika pesa zetu kwa miaka na senti haikupotea. Yeye mwenyewe alikuwa amelipwa mara kadhaa na akaja kutuambia kwa nia njema, kama vile mtu anavyomwambia mwenzake kwamba nyanya zimeshuka bei mahali fulani. Yeye ndiye aliyepoteza nyingi kuliko sisi sote.

Nimefikiri sana tofauti ya kitu kile na mchezo wetu. Katika mchezo, sote tunatoa sawa, na kila mmoja kwa zamu yake anapokea kile kile alichotoa, ila kwa mkupuo. Hakuna anayetoka na ziada. Wale walikuwa na mpango unaofanana na mchezo kwa kila kitu isipokuwa kwamba kila mtu aliahidiwa kutoka na ziada, na hakuna aliyeuliza ziada hiyo inatoka katika biashara gani. Mimi pia sikuuliza. Kilichoninusuru ni kwamba wiki ile nilikuwa na karo.

#12 Maalim_wa_Tudor
Mama amesema jambo zito, nami naliongezea la upande wangu. Huku kwetu matapeli wamejifunza kutanguliza neno halali. Vipeperushi vyao husema: uwekezaji usio na riba, mtaji wako uko salama, faida asilimia 15 kila mwezi bila kukosa. Hata mwanafunzi wa mwanzo wa fiqhi ya biashara ataona kasoro. Katika mudharaba, yaani ushirika wa mwenye mtaji na mwenye kuufanyia biashara, washirika hukubaliana sehemu ya faida, kwa mfano nusu kwa nusu, na ikitokea hasara isiyotokana na uzembe, mwenye mtaji ndiye anayeibeba katika mtaji wake. Anayekuahidi kiasi maalumu kila mwezi na kukuhakikishia mtaji hajakuondolea riba, amekuongezea uongo.

Jambo hili halihusu dini moja peke yake. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na DECI, mpango wa upatu ulioongozwa na wachungaji, mpaka ilipofungwa mwaka wa 2009. Mtu akiulizwa kwa nini hakuchunguza, husema aliona haya kumchunguza kiongozi wake wa dini.

#13 Hesabu_za_Tononoka
Niwape hesabu, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Mpango unaoahidi asilimia 3 kwa siku unasikika kama jambo dogo. Weka shilingi 1,000, uache faida ijumlishwe kwenye mtaji kila siku, na baada ya siku 365 unapaswa kuwa na takriban shilingi milioni 48. Anayejua kufanya hivyo hana haja na elfu moja yako; angekopa benki, alipe riba yoyote wanayoitaka, na baada ya mwaka ainunue benki yenyewe.

Sasa hesabu ya kualika watu. Mtu mmoja akialika watano, na kila mmoja akaalika watano, daraja la nane litahitaji watu 390,625 na daraja la tisa 1,953,125. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Mombasa kuwa na watu 1,208,333, wakiwemo watoto wachanga. Kwa hiyo kabla ya kumaliza daraja la tisa tumeshamaliza mji.

Hata hivyo, Bwana Tajiri, hesabu hizi hazithibitishi nadharia yako ya tamaa. Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji aliyekamatwa New York Desemba 2008 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 150 mwaka uliofuata, hakuahidi asilimia 3 kwa siku. Alitoa faida ya wastani, takriban asilimia 10 kwa mwaka, bila kuyumba, na waliompa pesa walikuwemo wasomi, mabenki na mashirika ya hisani. Walitafuta utulivu. Kilichopaswa kuwashtua ni kule kutoyumba, maana soko la kweli hupanda na kushuka.

#14 Tajiri_wa_Kesho
Nimekubali kusahihishwa miaka, lakini sikubali kwamba kila anayeingia hupoteza. Niliwahi kuingia katika mpango mmoja mapema, nikatoa mtaji wangu na faida ya shilingi 18,000, nikafunga simu. Anayejua saa ya kutoka hatapeliwi. Ni kama wimbi, unalipanda na kushuka kabla halijavunjika.

#15 Mama_wa_Kongowea
Mwanangu, hizo elfu kumi na nane huenda ni za mwenzangu wa kibanda cha tatu. Nikikuona Kongowea nitakuuzia mchicha kwa bei ya daktari mpaka zirudi zote.

#16 Karani_wa_Mbaraki
Nje ya mzaha wa Mama, Tajiri ajue kwamba faida ile haikutoka katika biashara yoyote. Charles Ponzi alifanya vivyo hivyo Boston mwaka wa 1920: aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo walilipwa kwa pesa za waliofuata. Walipojitokeza hadharani kumsifu, ndio waliogeuka kuwa tangazo lake bora. Pia nauliza, bila kutaka jibu hapa: wakati ule uliwaalika wangapi?

#17 Tajiri_wa_Kesho
Wachache.

#18 Binti_Makadara
Jibu fupi kuliko yote aliyowahi kuandika katika jukwaa hili.

#19 Msafiri_wa_Likoni
Nimesoma uzi wote kivukoni, maana feri leo imetuweka sana. Kuna upande ambao hamjautaja. Mtu anayemwandikia binamu wa Mkaazi huenda naye ni mateka. Kuna makambi kusini mashariki mwa Asia, hasa Myanmar upande wa Myawaddy, na Kambodia, ambako watu hupelekwa kwa ahadi ya kazi nzuri ya ofisini, wakanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni usiku na mchana. Mwaka wa 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba waliozuiliwa Myanmar ni angalau 120,000 na Kambodia takriban 100,000. Wakenya wamo; serikali yetu imewahi kuwarudisha vijana kadhaa kutoka huko kupitia Thailand.

Ndiyo sababu lugha haina makosa na majibu huja saa nane za usiku. Si kijana mmoja aliyejificha chumbani. Ni kiwanda chenye zamu, wasimamizi na maandishi yaliyokwisha kutungwa. Na kiwanda hicho kinawinda kwa njia mbili: wengine kinawachukua pesa, wengine kinawachukua wenyewe. Akiambiwa baadaye kwamba amefanya vizuri na kuna nafasi Bangkok, tiketi imelipwa, hapo hatari imekuwa kubwa kuliko 3,000.

#20 Nahodha_Mstaafu
Kwa hiyo tumwonee huruma anayetuibia? Huruma ninayo, lakini pesa sitoi. Na wengine wanaotupigia wako hapa hapa, kwa sauti tunazozijua.

#21 Fundi_Simu_Mwembe_Tayari
Nahodha na Msafiri mna haki nyote wawili, kwa sababu pesa lazima ipite hapa hapa kabla ya kwenda Asia. Ninaona jambo hili kwenye simu za wateja. Mtu amedanganywa na kampuni moja, lakini ukifungua ujumbe wa M-Pesa utakuta malipo ya kwanza yamekwenda kwa jina la mwanamume, ya pili kwa mwanamke, ya tatu kwa nambari ya tili iliyosajiliwa kama duka la vifaa vya ujenzi. Hizo ni laini za watu waliokodishwa au waliouza laini zao kwa pesa kidogo, wengine hawajui zinatumika kwa nini. M-Pesa hukuonyesha jina kabla hujathibitisha. Lisome jina hilo. Kampuni ya kimataifa ya hoteli inayopokea mtaji kwa jina la mtu na babake ni jambo la kuulizwa.

Kwa aliyekwisha kutuma, mambo ya kufanya ni ya dakika, hayangoji kesho. Apeleke ujumbe wa muamala ule kwa 456 kuomba urejeshwe. Asitegemee sana, kwa kuwa huduma hiyo ilikusudiwa pesa iliyotumwa kimakosa, na mpokeaji akishaitoa hakuna cha kurejesha. Lakini wapo walioiwahi ikiwa bado ipo. Ujumbe wa utapeli apeleke kwa 333, ambayo haimtozi kitu. Asifute mazungumzo, hata kama anaona aibu kuyatazama. Apige picha za skrini zikionyesha nambari, majina na saa, kisha aende kituo cha polisi akaandikishe, au apige simu ya bure ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203.

#22 Kibarua_wa_Shimanzi
Na sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa udanganyifu wa kompyuta. Ugumu ni kumpata wa kumshtaki, maana aliyesajili laini ndiye anayekamatwa na aliyechukua pesa hajulikani.

#23 Furaha_Mpya_77
Habari wapendwa. Mimi pia nilipoteza shilingi 85,000 katika kazi ya mtandaoni nikalia sana, lakini namshukuru Mungu nilimpata mtaalamu wa kurejesha fedha ambaye alinirudishia zote kwa saa 24. Nilimlipa ada ndogo tu ya kufungua faili. Msife moyo, mwandikieni kwa Telegram: [mawasiliano yameondolewa na msimamizi]

#24 Fundi_Simu_Mwembe_Tayari
Subhanallah. Amekuja mpaka ndani ya uzi.

#25 Msimamizi_wa_Jukwaa
Akaunti ya #23 ilifunguliwa leo asubuhi na sasa imefungiwa. Nimeondoa mawasiliano na kuyaacha maneno yake kwa makusudi, ili msomaji auone mfano ukiwa mbichi.

#26 Binti_Makadara
Ndivyo ilivyomtokea jirani yangu pia. Wiki chache baada ya kupoteza pesa, alipigiwa na mtu aliyejiita afisa wa kuchunguza uhalifu wa mtandaoni, ambaye alitaja kiasi kamili alichopoteza na jina la kampuni. Jirani alishangaa na kuamini, kwa sababu nani mwingine angejua? Walioiba ndio wanaojua. Orodha ya waliotapeliwa huuzwa au hutumiwa tena na kundi lile lile, kwa kuwa aliyepoteza ana kiu ya kurudishiwa na atalipa tena. Sikumbuki kuona polisi wakidai ada ya kufungua faili kwa M-Pesa.

Kwa maoni yangu, hapo nadharia ya tamaa inaanguka kabisa. Aliyeibiwa anayetaka chake hana tamaa.

#27 Tajiri_wa_Kesho
Inaweza kuwa imeyumba, haijaanguka. Aliyelipa mara ya pili alikwisha kuonywa na mara ya kwanza. Nitasema ni tamaa na ukaidi.

#28 Mwandishi_wa_Bamburi
Nami nitasema ni ukosefu wa kazi. Mtu mwenye mshahara huuona ujumbe ule na kuufuta. Asiye na kazi huusoma mara tatu. Wanatuma kwa maelfu na kusubiri wenye haja wajichague wenyewe. Mnaweza kuendelea kulaumu tabia, lakini mpeni kijana kazi uone kama atazipa nyota hoteli za Ulaya.

#29 Maalim_wa_Tudor
Wenye mshahara nao wametapeliwa, ndugu Mwandishi. Mwezi wa Aprili 2025 CBEX, jukwaa la uwekezaji wa mtandaoni, ilipoporomoka, Nigeria na hapa Kenya, walioweka pesa hawakuwa wasio na kazi peke yao. Ilikuwa na ofisi pia, kwa wanaopenda ofisi. Watu wenye hasira waliivamia iliyokuwa Ibadan na kuondoka na viti.

#30 Mkaazi_wa_Mikindani
Narudi na habari. Nilimpa binti ule mtihani wa #4, ila kwa kuwa hakuwa na salio kubwa alibadilisha kidogo. Aliwaandikia kwamba hana 3,000 kwa sasa, lakini yuko tayari wazikate katika kazi zake zijazo, hata wakichukua mara mbili. Mkufunzi wake, ambaye mpaka saa ile alikuwa akimwita dada mpendwa, alimjibu kwamba mfumo hauruhusu, akamshauri akope kwa jamaa wa karibu, kisha akamuuliza kama ana dhahabu ya kuweka rehani. Aliposema atafikiri, aliondolewa kwenye kikundi kabla ya magharibi.

Sijui kama nimeshinda. Yeye mwenyewe amenyamaza, na nadhani ameelewa lile swali la dhahabu. Lakini shangazi yangu ameniambia mbele ya watu kwamba wivu wangu umemnyima mwanawe kazi iliyokuwa ikilipa. Tena ameuliza, kama 3,000 hizo zipo, basi ziwekwe wapi zizae?

#31 Karani_wa_Mbaraki
Mwambie shangazi kwa upole kwamba pesa kidogo nayo ina mahali. Kuna hazina za soko la fedha (money market funds) zenye leseni ya CMA, na baadhi hupokea hata shilingi 1,000; faida yake huhesabiwa kwa mwaka na hubadilika, na mwenye hazina hatampigia simu usiku. Akiweka benki yenye leseni, Shirika la Bima ya Amana linamlinda hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Hayo yote hayasisimui. Aangalie jina kwenye orodha ya CMA, kwa njia ile niliyoieleza katika #8.

#32 Nahodha_Mstaafu
Mkaazi, swali dogo. Zile 230 na malipo ya pili, binti alizitoa au zimebaki kwao?

#33 Mkaazi_wa_Mikindani
Zilikuwa kwenye M-Pesa yake. Alishanunulia bando.

#34 Tajiri_wa_Kesho
Basi mkaribisheni mwenzangu katika chama cha waliotoka na faida.

#35 Mama_wa_Kongowea
Yeye hakualika mtu. Mchicha wake nitamuuzia kwa bei ya kawaida.